Kabla hamjachangia ukuta wa tenki, angalieni bomba linapokuwa tupu

Swali limetoka kwa dada mmoja, mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Dodoma mjini. Nalifupisha: "Injinia habari za kazi. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, yakirudi yanakuja na rangi ya udongo na mara nyingine harufu. Chemba ya majitaka ya pale kona ya soko inafurika kila mvua ikinyesha. Sasa kwenye kikao wananchi wameingiwa hofu kwamba mtu anaweza kutia sumu kwenye tenki la kule mlimani, wanataka tuchange tujenge ukuta na tuajiri mlinzi wa usiku. Hivi mfumo wa maji wa mji unalindwaje hasa, na hiyo hela tukichanga itasaidia?"

Mjumbe, salama, pole na majukumu. Nimefurahi umeuliza kabla hela haijachangwa maana ikishachangwa kuirudisha kwa watu ni ugomvi mwingine. Nakujibu kwanza afu ndo nieleze. Tenki linatakiwa liwe na uzio, mfuniko wenye kufuli, na kitabu cha nani kaingia nani katoka, hilo halina mjadala, ila ni kazi ya mwenye tenki yaani mamlaka ya maji, sio ya mtaa kuchangishana. Na hatari inayowafikia nyinyi kila wiki haipo kule mlimani, ipo chini ya barabara yenu, kwenye bomba linalobaki tupu mgao ukishafungwa. Mi ningeanzia hapo.

Iko hivi. Bomba likiwa na presha, hata kama lina tundu, maji yanatoka nje, unaona barabara imelowa, mamlaka inapata hasara lakini uchafu hauingii kwa sababu maji yanausukuma. Valvu ikifungwa, nyumba za bondeni zinaendelea kuteka yale yaliyobaki, bomba la huku juu linakauka, na kila penye upenyo panaanza kuvuta kuingia ndani badala ya kutoa nje. Penye udongo mkavu inaingia hewa, ile inayokufanya koki itoe upepo na kupiga kelele maji yakirudi. Penye tundu lililozama kwenye maji ya mtaro yanaingia maji ya mtaro. Na ukiongeza wale jirani zetu wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani ili simtanki lao lijae haraka kabla maji hayajakatika, hapo ni kama kunyonya juisi kwa mrija uliotoboka, kinachokuja sio kile tu ulichokusudia. Hiyo pampu inamjazia yeye tenki na inavuta uchafu kwenye bomba la watu wote, naomba hilo uliseme kikaoni kwa sauti.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu, sio mtaani kwenu. Tulifukua bomba la plastiki la inchi moja linalopeleka maji nyumba tatu. Lilikuwa limepita ndani ya mtaro wa barabarani, sio chini ya mtaro, ndani kabisa, limelala kwenye tope jeusi lenye mapovu. Kwenye kiungo kuna fundi alizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli akakaza na waya. Presha ikiwepo ule mpira ulikuwa unadondosha matone tu. Tukamwambia mwenzetu afunge valvu ya juu, tukasubiri, matone yakakoma, na baada ya muda ukitazama vizuri pale kwenye mkunjo wa mpira unaona tope linasogea taratibu kuingia ndani. Mita za zile nyumba zilikuwa zinasoma vizuri kabisa, bili inalipwa kila mwezi, na kwenye zile nyumba kulikuwa na watoto wadogo. Hakuna mtu yeyote aliyekuwa na nia mbaya pale, ni fundi alitafuta njia ya mkato na mtaro ukajaa.

Ile rangi ya udongo mnayoiona sehemu kubwa ni kutu na mashapo yaliyotulia ndani ya bomba, maji yakirudi kwa kasi yanayakwangua. Rangi peke yake isikutishe sana, ila maji yenye matope yanaficha vijidudu na yanaila klorini, kwa hiyo yale ya mwanzo msiyaingize kwenye simtanki. Fungueni koki ya nje, yakamwagiliwe miti au yakasafishie choo, yakishakuwa meupe ndo mjaze vyombo vya kunywa, na ya kunywa bado mchemshe au mtie dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Harufu ya choo ni habari nyingine kabisa. Yakija na harufu ya choo msinywe hata mkichemsha, pigeni simu siku hiyohiyo, mtaje nyumba zipi zimepata na saa ngapi, maana fundi akijua nyumba ya kwanza yenye harufu na ya mwisho isiyo na harufu anajua achimbe wapi.

Sasa klorini, hapa naomba univumilie kidogo maana ndo mlinzi wenu wa kweli kuliko yule mnayetaka kumuajiri. Klorini inatiwa kule kwenye chanzo au kwenye tenki, inaua vijidudu, lakini inatiwa kiasi kwamba nyingine ibaki ndani ya maji mpaka kwa mteja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka ile iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale kwenye koki. Uchafu ukiingia njiani ile klorini inatumika kupambana nao, kwa hiyo kipimo kinashuka. Ndo maana kupima klorini kwenye nyumba ya mwisho ya laini kuna maana kubwa sana: ukikuta tenki lina 0.5 na nyumba ya mwisho ina sifuri, kati ya hapo na pale kuna kitu, ama bomba linavuta uchafu ama maji yamelala humo siku nyingi. Kupima kwenyewe ni rahisi, unachukua maji kwenye kichupa, unatia kidonge, yanageuka pinki, unalinganisha na rangi za kwenye kadi, dakika chache umemaliza. Tofauti na kipimo cha vijidudu vya kinyesi, sampuli inaenda maabara inaatamiwa karibu siku nzima, na jibu likitoka maji hayo watu wameshayanywa na kuyapikia ugali. Kipimo cha maabara lazima kifanyike, lakini kinakuambia ya jana.

Kuna kisa cha Kanada ambacho kila anayefanya kazi ya maji inabidi akijue. Mei 2000, kimji kinaitwa Walkerton, jimbo la Ontario, watu kama 5,000 tu. Ilinyesha mvua kubwa ikasomba mbolea ya ng'ombe kutoka shamba lililokuwa jirani na kisima kimoja cha mji, kisima kifupi. Watu 7 wakafa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Tume ilipochunguza, mwenye shamba haikumlaumu, alikuwa anafuga kwa utaratibu unaokubalika. Kilichokutwa ni kwamba waendeshaji wa mitambo kwa miaka walikuwa hawatii klorini ya kutosha na kwenye daftari wanaandika namba za kubuni kana kwamba wamepima, na majibu mabaya ya maabara yalipokuja watu wa afya wakafichwa. Kisima hakikuwa na kipimo cha moja kwa moja cha kuzima pampu klorini ikishuka. Nakisimulia kwa sababu pale hapakuwa na adui aliyeruka ukuta. Kulikuwa na mvua, mbolea, kisima kifupi na daftari la uongo, na vyote vinne vinaweza kukutana popote, hata huku kwetu. Daftari la klorini lililojazwa namba ileile kila siku mwezi mzima, kwangu mimi linatisha kuliko uzio uliotoboka.

Umeuliza mfumo unalindwaje. Tangu 2004 WHO inahimiza kitu kinaitwa mpango wa usalama wa maji, na wazo lake ni moja: usisubiri kupima mwisho, tembea njia nzima ya maji kuanzia yanakotoka mpaka kwenye kikombe, kila hatua uliza nini kinaweza kwenda vibaya hapa, kitatokea mara ngapi, kitaumiza watu wangapi, nani anakizuia na atajuaje kama kimeshindikana. Basi na sisi tutembee, ila kwa haraka.

Chanzo. Maji mengi ya mji huu yanatoka chini ya ardhi, bonde la Makutupora kule Mzakwe, kaskazini, kilomita kama 30. Lile bonde ni hazina. Kuna kumbukumbu za kina cha maji za pale za miaka 55, 1955 mpaka 2010, watafiti walipozichambua wakakuta maji ya chini hayajazwi kila mwaka, yanajazwa kwa kishindo kwenye misimu michache ya mvua kubwa, na mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997/98. Yaani mnakunywa akiba iliyowekwa na mvua za miaka iliyopita. Ukiichafua akiba ya namna hiyo husubiri msimu mmoja ikasafishika, unasubiri muda mrefu sana. Kwa hiyo viwanja kupimwa kuelekea kwenye bonde, vyoo vya shimo, mazizi, gereji za kumwaga oili, hayo ndo ya kupigiwa kelele. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu maeneo ya vyanzo kutangazwa hifadhi na shughuli kuzuiwa, sasa tangazo bila alama za mipaka na bila mtu wa kupita kukagua linabaki karatasi.

Na hapa niongee na wale wa visima binafsi maana najua mtaani kwenu vipo, mgao ukizidi watu wanachimba. Choo cha shimo kinavujisha naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo, kwenye maji ya chini, na naitreti haina rangi wala harufu wala ladha, klorini haiitoi, na ukichemsha ndo kabisa, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa hayo maji. Watu wanashika ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima wanadhani imeisha, lakini Dodoma tumekaa juu ya miamba yenye nyufa, maji yanapita kwenye ufa mmoja yanaenda mbali kuliko unavyofikiri. Kisima kipimwe maabara, sio kuonjwa.

Umeme. Maji ya Mzakwe yanapandishwa kwa pampu, umeme ukikatika pampu zinasimama, tenki linashuka, presha inaondoka, na tumerudi kulekule kwenye bomba tupu. Ndo maana jenereta na pampu ya akiba ni ulinzi wa afya pia. Halafu tuwe wakweli, mji umekua sana, sensa ya 2012 tulikuwa kama 411,000, ya 2022 tukafika kama 765,000, wizara zimehamia, mji wa serikali wa Mtumba umejengwa, na maji ni yaleyale ya bondeni pamoja na visima vipya vya hapa na pale. Mgao una sababu. Lakini mgao wa ratiba inayofuatwa, valvu inafungwa na kufunguliwa polepole na mtu aliyefundishwa, ni afadhali mara nyingi kuliko ule wa kushtukiza, maana ukifungua valvu kwa fujo presha inapiga bomba kwa kishindo na viungo dhaifu vinaachia.

Makorongo. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, chache ila zikija zinakuja kwa hasira, na bomba linalokatiza korongo ndo la kwanza kuondoka. Wachimba mchanga wanalifanya jambo liwe baya zaidi, wanashusha kitako cha korongo mpaka bomba lililokuwa limefukiwa linabaki linaning'inia hewani, mvua ya kwanza imelichukua. Hilo mtaa unaweza kuliona mapema kuliko injinia yeyote, nyinyi mnapita hapo kila siku.

Chemba yenu sasa. Bomba la majitaka linatengenezwa kwa ajili ya majitaka tu, halikupigiwa hesabu ya mvua. Inayofurika kila mvua ikinyesha, mara nyingi kuna watu wameelekeza maji ya mapaa na ya uani humo ndani, au mfuniko umeibwa ukauzwa vyuma chakavu na mafuriko ya barabarani yanaingia na mchanga na mifuko. Kwa kuwa yenu ipo karibu na soko, nashuku pia mafuta ya mamalishe na wauza chipsi, yanamwagwa ya moto yakifika chini yanaganda, yanashika nywele na matambara mpaka bomba la inchi sita linabaki na tundu la vidole viwili. Mafuta yakae kwenye dumu, yapoe, yatupwe na taka ngumu. Na ona hatari inavyojifunga: chemba inafurika, inajaza mtaro, bomba la maji safi limepita kwenye mtaro, mgao umefungwa. Ukiwa na hivyo vitatu kwenye barabara moja, kipindupindu kikiingia mjini kinakuwa na njia tayari. Mnakumbuka 2015, kilianzia Dar Agosti na kikasambaa mpaka huku kanda ya kati.

Kitu kimoja nakuomba sana mjumbe, kwa uzito wote. Msimlipe kijana yeyote ashuke kwenye chemba kuzibua. Mle ndani kuna gesi yenye harufu ya yai viza, ikiwa kidogo unaisikia, ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa kwa hiyo mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndo imezidi, anaanguka, mwenzake anaruka kumuokoa naye anaanguka. Familia zimepoteza ndugu wawili watatu kwenye shimo moja kwa namna hiyo. Anayeshuka lazima awe na kipima gesi, mkanda na kamba, na watu juu wa kumvuta bila wao kushuka. Hamna hivyo, wekeni miti na kitambaa chekundu kuzunguka chemba watoto wasitumbukie, msubiri gari la kuzibulia. Na yale magari ya kunyonya majitaka yanayomwaga korongoni usiku badala ya kwenda kwenye mabwawa, andikeni namba za gari na saa, msigombane na dereva.

Turudi kwenye hofu ya mtu mbaya, sijaidharau. Ila ukisoma matukio yaliyothibitika, mtu mwenye funguo ndo wa kuangaliwa. Maroochy, Australia, mwaka 2000, jamaa aliyewahi kufanya kazi na kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka, aliomba kazi kwa wenye mfumo akakosa, akatumia kompyuta na redio kuvuruga pampu kutoka kwenye gari lake, kama lita 800,000 za majitaka ghafi zikaishia kwenye mito na bustani za watu. Ukuta ungesaidia nini pale? Kilichokosekana ni kumzuia mtu aliyeondoka asiendelee kuufikia mfumo. Kwa hiyo mkikaa na mamlaka, waulizeni nani ana funguo za tenki na mfanyakazi akiacha kazi kufuli linabadilishwa au la. Ni swali la haki kabisa.

Hela mkichanga, ushauri wangu ni huu. Nunueni kile kifaa kidogo cha kupimia klorini, cha vidonge na kadi ya rangi, na daftari gumu. Teueni watu wawili, ikiwezekana mmoja awe mhudumu wa afya wa mtaa, wapime kwenye nyumba ya kwanza ya laini na ya mwisho kila maji yakirudi, waandike tarehe, saa na namba, na siku waliyoshindwa kupima waandike hawajapima. Mwambieni mamlaka tangu mwanzo kwamba mnafanya hivyo, ili wawafundishe na wasione mnawawinda. Kinachobaki kitumike kumlipa fundi aliyesajiliwa ahamishe konekisheni zilizopita mtaroni, kwa kibali, maana kipande cha baada ya mita kwa kawaida ni cha mteja na wengine hawana uwezo wa kulipa peke yao. Bomba kuu na chemba msiguse, hayo yaandikieni barua, muambatanishe picha, mbakie na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inaipa mamlaka wajibu wake, na wakikaa kimya muda mrefu bila kuwajibu, EWURA, yaani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, wanapokea malalamiko ila watawauliza kwanza kama mlishaanzia kwa mamlaka, ndo maana ile nakala ni muhimu.

Kwenye barua ombeni vitu vitatu tu: ratiba ya mgao ya mtaa wenu, lini wamefungua woshauti, ile valvu ya kutolea mashapo, kusafisha laini yenu mara ya mwisho, na lini wataziba au kuhamisha sehemu ya bomba inayokatiza mtaro wa soko. Na nyumba ya mwisho ikisoma sifuri mara mbili mfululizo msingoje barua ijibiwe, tangazeni mtaa mzima siku hiyohiyo watu wachemshe, afu mpige simu.